Picha za bibi na flashi ya kuprintia asaimenti

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya testi za mwisho wa semista. Leo naomba niseme jambo nililokaa nalo rohoni toka mwaka jana, manake juzi nimemkuta mwenzangu wa chumbani anafanya kosa lile lile nililofanya mimi. Alikuwa anahamisha picha za sendofu ya dada yake kwenda kwenye flashi ya GB 8 ili apate nafasi kwenye simu. Na flashi yenyewe ndiyo hiyo hiyo anayozunguka nayo steshenari zote za hapa chuo.

Basi bwana, sikieni yangu.

Krismasi ya mwaka juzi tulikuwa Tukuyu kwa bibi mzaa mama. Simu ya mama ikajaa, haipigi picha tena. Mimi kwa kuwa ndiye "msomi" wa familia nikapewa kazi. Nikachukua kompyuta ya binamu, nikahamisha picha zote kwenye flashi yangu, nikafuta kwenye simu, mama akafurahi simu imekuwa nyepesi. Mle kulikuwa na bibi anamenya ndizi, bibi kampakata kitukuu, na moja bibi anacheka mpaka pengo linaonekana. Hiyo ya kucheka ilikuwa bahati, manake bibi akiona kamera alikuwa anakaza uso kama yuko polisi.

Mwezi wa tatu asubuhi nikakimbilia steshenari kuprinti asaimenti ya kukusanya saa nne. Kuchomeka flashi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Jamaa akaniambia imeliwa na virusi, tuifomati? Nyuma yangu foleni ya watu kama kumi wanasonya. Asaimenti ninayo kwenye imeili. Nikasema fomati.

Mwezi wa nane bibi akafariki. Mama akapiga usiku, sauti imekauka.

"Mwanangu, zile picha za bibi si unazo wewe?"

Nikanyamaza.

"Tuma moja nzuri, mjomba wako yuko kwa mtu wa kutengeneza ratiba ya mazishi, anasubiri."

Jamani. Picha iliyotangulia mbele ya jeneza la bibi yangu ilikuzwa kutoka kwenye kitambulisho cha taifa. Kakaza uso. Mama hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baadaye mshkaji mmoja anayesoma mambo ya kompyuta akanimalizia kabisa. Kasema vile virusi vya shotikati mara nyingi havifuti kitu, vinayaficha tu mafaili. Na hata ile fomati ya haraka inafuta orodha ya mafaili, mafaili yenyewe yanabaki mpaka uandike vitu vingine juu yake, na ziko programu za bure kama PhotoRec za kuyachimbua. Kwa hiyo likikutokea, chomoa flashi, usiweke kitu tena, tafuta mtu anayejua. Mimi nilikuwa nimeshaijaza muvi.

Sasa hoja yangu ni hii. Kwenye familia nyingi za kwetu, mtunza picha ni sisi tulioko vyuoni, tupende tusipende. Wazazi wanatukabidhi simu wakiamini tunajua tunachofanya, na sisi tunachojua ni kuhamisha tu. Ukizitoa kwenye simu ukaziweka kwenye flashi halafu ukafuta, bado unayo nakala moja, tena umeitoa kwenye kitu ambacho mama anakilinda kuliko pochi yake ukaiweka kwenye kitu cha kupotea kwenye daladala.

Wazee walituzidi hapa aisee. Picha za studio zilikuwa kwenye albamu sebuleni, shangazi anayo moja, mjomba anayo moja, na ndani ya bahasha zimo negativu. Picha ikilowa, unakwenda kusafisha nyingine.

Najua kuna mtu keshaanza kusema zipo kwenye grupu la familia la WhatsApp. Haya. Picha ukiituma kawaida pale inapunguzwa ubora. Ukitaka ibaki kama ilivyo itume kama dokyumenti. Na ukichelewa kuipakua, ipo siku utaambiwa umwombe aliyeituma aitume tena. Ukimwomba, naye alishabadilisha simu.

Mwingine atasema ziko Google. Afadhali, ila tuulizane, paswedi ya akaunti ya mama nani anaijua? Akaunti ya mama yangu ilifunguliwa na kijana aliyemuuzia simu, na paswedi akabaki nayo huyo kijana kichwani. Halafu nafasi ya bure ni GB 15, na toka Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa humo pamoja na imeili zako. Akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa, huo ni utaratibu ulioanza Desemba 2023, kwa hiyo akaunti ya marehemu usiiache ikae tu. Na ukifuta picha ndani ya Google Photos ukidhani unapunguza mzigo wa simu, umefuta na huko mawinguni, una siku 60 za kuiokoa kwenye debe la taka.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1998 wale Pixar walifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, kuangalia nakala za akiba wakakuta hazifanyi kazi. Aliyewaokoa ni mama mmoja anaitwa Galyn Susman, alikuwa ametoka kujifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani na kompyuta yenye nakala anayo huko. Yaani nakala iliyopona ni ile iliyokuwa nyumba nyingine kabisa.

Wapiga picha wana kanuni yao ya tatu, mbili, moja, mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Mtu wa bumu ataniuliza hela ya eksteno iko wapi. Mimi nilichangishana na binamu wawili, tukanunua moja, inakaa Mbeya kwenye kabati la mama. Nakala ya pili ipo kwenye laptopu yangu, ya tatu kwenye Google. Na kila Desemba tunaprinti ishirini nzuri, nyuma tunaandika kwa kalamu nani na wapi, manake kwenye albamu ya bibi kuna watu mpaka leo hatuwajui.

Likizo iliyopita nilimfungulia mama akaunti mpya, tukachagua paswedi pamoja, akaiandika mwenyewe kwenye daftari lake la vikoba, ukurasa wa mwisho. Mwenzangu wa chumbani nimemshika mkono kabla hajabonyeza futa. Kaninunia, anasema simu imejaa. Jumamosi tunakwenda kukopa eksteno ya jirani wa chumba cha pili, na hiyo flashi ya GB 8 ibaki ya asaimenti.