Daftari la wiki: Kilomita 15 za Pepa

Nimeusoma tena Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999, ule wa kusitisha vita vya Kongo, pale unapofafanua neno la Kiingereza disengagement. Maana yake, kwa mujibu wa mkataba, ni majeshi yanayopambana kuachana mara moja pale yanapogusana, kila moja lisogee hadi risasi za mwenzake zisilifikie. Kwa Kiswahili tunasema kutenganisha majeshi. Baadaye ukaja mpango wa Kampala wa Aprili 2000, kisha ule wa Harare wa Desemba, na neno likapata kipimo: kila upande urudi nyuma kilomita 15.

Sasa tazama Pepa. Iko juu kwenye uwanda wa Marungu, teritware ya Moba, kusini-mashariki mwa Kongo, nchi ya baridi, majani na ng'ombe. Mtu akitoka Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, hupanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu kabla hajafika huko. Oktoba 2000 jeshi la Kinshasa na washirika wake waliishambulia, wakaitwaa kutoka kwa waasi wa RCD na Warwanda. Haikuchukua muda, Warwanda na RCD wakairudisha mikononi mwao, wakaendelea kusini hadi Pweto, mji ulioanguka tarehe 3 Desemba. Maelfu wakavuka kuingia Zambia, raia na wanajeshi pamoja. Siku tatu tu baadaye, tarehe 6, mpango wa Harare ukatiwa sahihi.

Mwishoni mwa Februari 2001 Rwanda ikaondoa askari wake Pweto. Habari njema, na dunia iliipongeza kwa haki. Walirudi nyuma hadi wapi? Hadi Pepa. Kwenye ramani ya waangalizi wa usitishaji vita huko ndiko kutengana: mstari umesogea na pengo limeonekana. Kwa mama wa Pepa aliyebaki na mihogo yake shambani, askari wamerudi kwake. Siipingi hesabu ya kilomita. Bila hesabu ile bunduki zisingenyamaza, na nawaheshimu watu walioifanyia kazi Harare. Lakini ilikuwa hesabu ya bunduki. Utengano wa mke na mume, wa mtoto na bibi yake, haukuwa na kiambatisho wala tarehe ya mwisho.

*

Kuna karatasi moja ambayo naiona kubwa kuliko mikataba yote hiyo: fomu ya ujumbe ya Msalaba Mwekundu. Upande mmoja unaandika jina lako kamili, jina la baba, jina la mama, tarehe na mahali ulipozaliwa. Kisha hivyo hivyo kwa yule unayemtafuta. Kisha ipo nafasi ya maneno machache, na mpokeaji anajibu kwenye karatasi hiyo hiyo. Haifungwi. Wenye mamlaka wanaweza kuisoma, kwa hiyo ni habari za familia tu: nani amezaliwa, nani amefariki, tupo wapi, tunaumwa au tu wazima. Vita havitajwi, siasa haitajwi.

Jina la mama ndilo linalonishika. Hati nyingi za serikali humtambua mtu kwa namba au kwa mkuu wa kaya. Fomu hii inajua kwamba watu waitwao Ilunga wako wengi, na kinachomtofautisha mmoja na mwingine ni mama aliyemzaa. Kati ya kambi za Zambia na vijiji vya Marungu karatasi hizo zilifanya kazi ambayo hakuna kamanda aliyeagizwa kuifanya.

*

Waliovuka kuingia Zambia walikwenda kambi za Kala, wilaya ya Kawambwa, na Mwange, wilaya ya Mporokoso. Wengi walikuwa Watabwa, na Watabwa wako pande zote mbili za mpaka: huku Marungu, kule Zambia kwa chifu Nsama. Mwaka 1894 Waingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold walikubaliana juu ya mstari ulionyooka kutoka Ziwa Mweru hadi rasi ya Akalunga kwenye Ziwa Tanganyika. Hakuna Mtabwa aliyeulizwa. Zaidi ya karne baadaye vita viliwafukuza watu wakauvuka mstari huo, na ng'ambo wakakuta watu wanaosemezana nao bila mkalimani. Waliitwa wageni na wakimbizi, na kwa sheria ndivyo walivyokuwa. Kwa ukoo walikuwa wamefika kwa shangazi.

*

Utengano wa Marungu si wa watu tu. Wapenda ndege wanamjua chozi wa Marungu, Cinnyris prigoginei, asiyepatikana kwingine duniani. Anaishi kwenye vipande vya msitu kandokando ya vijito vya uwanda ule. Msitu ukikatwa, au ng'ombe wakikanyaga kingo, kipande kimoja kinatengana na kingine, na ndege anabaki na kisiwa cha miti katikati ya majani. Natamani watoto wa shule za Pepa wamjue kwa jina kabla ya watalii.

*

Mei 2007 safari za wakimbizi kurudi zilianza: kutoka bandari ya Mpulungu, Zambia, kwa meli, hadi Moba. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo mji wa Moba ulilipuka kwa ghasia. Uvumi ulienea kwamba Banyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, wangeletwa kuishi pale, umati ukavamia ofisi za Umoja wa Mataifa, na safari zikasimamishwa kwa muda. Hili linaniuma hadi leo. Mji uliokuwa ukiwangoja watoto wake kutoka ng'ambo ya ziwa uliingiwa na hofu ya watoto wa watu wengine kiasi cha kuwachelewesha wake mwenyewe. Safari zilirejea, na kufikia 2010 Kala na Mwange zikafungwa.

Juu ya mipango ya Kampala na Harare ripoti zipo, zimepangwa makabatini kwa lugha kadhaa. Juu ya safari za Mpulungu hadi Moba nataka kitabu kilichoandikwa na mtu wa Moba, kwa Kiswahili cha huko: nani alikuta nyumba yake ina mtu mwingine, nani alikuta mume ameoa tena, shamba la nani liligawanywa na chifu yupi na kwa masharti gani. Waliopanda meli wakiwa watu wazima wanazeeka sasa. Kijana wa chuo Kalemie mwenye simu ya kurekodi sauti anaweza kuanza na jirani yake Jumamosi hii.