Kura Ihesabiwe Mbele ya Macho ya Watu



Wapo wanaodhani kwamba demokrasia imetimia pindi raia anapotumbukiza karatasi yake sandukuni na kupakwa wino kidoleni. Sivyo. Hata watawala wa mabavu huitisha uchaguzi. Tofauti ya uchaguzi wa kweli na uchaguzi wa maonyesho ni hii: je, aliyeshindwa anaweza kuhakikisha kwamba kweli ameshindwa? Mshindi hukubali matokeo upesi, hahitaji ushahidi. Anayeuhitaji ni yule aliyeshindwa pamoja na wafuasi wake, kwa kuwa wao ndio wanaotakiwa kuitii serikali wasiyoichagua.

Historia ya Kenya yatufunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1988 KANU, kikiwa chama pekee kilichoruhusiwa kisheria, kiliteua wagombea wa ubunge kwa mlolongo. Wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya mtu waliyemtaka, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, pasipo kura ya siri. Wananchi wengi walilalamika kwamba mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Lakini wangethibitishaje? Watu walikwisha kutawanyika kwenda makwao, na hapakuwa na karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya. Viongozi wa makanisa walioukemea utaratibu huo walilaumiwa kwa kuingilia siasa. Hata hivyo, KANU chenyewe kiliuacha mwaka 1990.

Mwaka 2007 kura ilikuwa ya siri na karatasi zilikuwapo. Safari hii imani ilipotea njiani, kati ya vituo vya kupigia kura na ukumbi wa kujumlishia matokeo jijini Nairobi. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo kwa moto. Chuki za ardhi na za kikabila zilikuwapo tangu zamani. Matokeo yasiyoaminika yakawa kiberiti. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilieleza baadaye kwamba kasoro zilikuwa nyingi mno hata haikuwezekana kujua kwa hakika ni nani aliyeshinda urais.

Kwa hiyo tusihadaike na usemi wa "amani kwanza, maswali baadaye." Amani iliyojengwa juu ya hesabu ya uongo haidumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yafaa pia tukiri kwamba hatua zimepigwa. Katiba ya mwaka 2010 inadai uchaguzi ulio rahisi, sahihi, salama na unaoweza kuthibitishwa. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho, wala hayawezi kubadilishwa Nairobi. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa urais kwa sababu sheria ya kupeleka na kuthibitisha matokeo haikufuatwa. Mwaka 2022 nakala za Fomu 34A, ambayo hubeba matokeo ya urais ya kila kituo, zilitolewa hadharani ili yeyote ajumlishe mwenyewe. Hata makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, ubishi uliamuliwa mahakamani kwa ushahidi.

Lakini fomu haijisomi yenyewe. Yabandikwapo matokeo mlangoni pa kituo, nasi sote tumekwenda kulala, nani atajua iwapo tarakimu zimebadilika kesho yake? Hatuna budi kujiandaa mapema. Kila jumuiya ndogo ndogo na ichague watu waaminifu wa kuomba kibali cha uangalizi. Matokeo yakibandikwa, yanakiliwe kwa makini, kisha yalinganishwe na yale yatakayotangazwa. Kasoro ikionekana, iandikwe na kupelekwa panapohusika kwa njia ya sheria, bila mawe wala matusi, hata kama inamnufaisha mgombea wetu wenyewe.

Tukumbuke kwamba wizi wa kura haufanywi na watu wasiojulikana. Msimamizi wa kituo huenda ni mwalimu wa watoto wetu. Wakala wa mgombea huenda ni mwanakwaya. Kituo kimoja kisheria kinaweza kuwa na wapiga kura hadi 700. Anayetia sahihi tarakimu anayojua kuwa si ya kweli ameshuhudia uongo juu ya majirani zake wote hao. Na yeye aliyeuza kura yake kwa pakiti ya unga atapata wapi ujasiri wa kumkemea?

Viongozi wa walei, tuyafundishe haya tangu sasa, kabla ya kampeni kupamba moto. Tusingoje mazishi ndipo tuhubiri juu ya haki.