“Alikuwa Anavaa Shati Jeupe”

Kuna kanuni moja ya darasani inayotakiwa kuzikwa: eti “-na-” ya Kiswahili ndiyo “-ing” ya Kiingereza. Mwanafunzi anaambiwa achukue am, is au are, afuatishe kitenzi chenye -ing, basi: ninasoma, I am reading. Kuliunda umbo lenyewe si kazi. Run inaongeza n, inakuwa running. Make inaacha e, inakuwa making. Lie inageuka lying. Hayo mtoto anayakariri ndani ya wiki. Kazi ni kujua litumike wapi, na hapo kanuni hii inawapoteza watoto, halafu tunawacheka.

Chukua “ninajua”. Ina -na-, kwa hiyo mtoto anaandika I am knowing na kupigiwa mstari mwekundu. Anaambiwa know, want na own ni vitenzi vya hali, haviendi na -ing. Sawa. Lakini yeye kafuata alichofundishwa. Aliyemdanganya ni nani?

Ukweli ni kwamba -na- inabeba mizigo miwili. “Mama anauza samaki” inaweza kuwa yupo sokoni sasa hivi, au ndiyo kazi yake hata kama muda huu amelala. Kiingereza kinakulazimisha uchague: is selling au sells. Na Kiswahili nacho kinajua kutenganisha! Kitabuni tunasema “mama huuza samaki”. Mtaani tunasema “mama anauzaga samaki”. Hiyo -ga tunaikemea kama uchafu, kumbe ingemaliza somo kwa dakika mbili: anauzaga ni sells, anauza sasa hivi ni is selling. Sisemi iingie kwenye insha ya mtihani. Nasema mwalimu aitumie, maana mtoto kaja nayo kutoka nyumbani.

Upande wa pili unaniuma zaidi, maana unagusa kazi yangu. Kwenye vyumba vya habari tunatafsiri taarifa za mashirika ya nje kila siku, na was wearing inatoka “alikuwa anavaa shati jeupe”. Jamani! Kwa Kiswahili huyo mtu alikuwa bado anatafuta mkono wa shati. Aliyekwisha kulivaa amevaa. Vivyo hivyo amelala, amesimama, amebeba: Kiingereza kinaweka -ing, sisi tunaweka -me-. Hata “anakaa Temeke” na “amekaa kwenye benchi” si kitu kimoja, ya kwanza ni makazi, ya pili ni mkao.

Kwenye gazeti hiyo ni aibu ndogo. Kwenye maelezo ya shahidi ni hatari. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Shahidi akisema mtu “alikuwa anavaa koti” alipomkuta mlangoni, hakimu aelewe nini? Kwamba alikuwa na koti mwilini, au kwamba alikuwa ndiyo kwanza analivaa ili aondoke?

Wapo watakaosema dawa ni kukifukuza Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza. Hakifukuziki. Kimo kichwani mwa mtoto, na usipokitaja atalinganisha mwenyewe, kimyakimya, na atakosea. Wengine watasema sheria za Kiingereza hazigusiki. Katika Hamlet, Polonius anamuuliza mwana wa mfalme anasoma nini, na Shakespeare hakutumia -ing. Mwaka 2003 McDonald's waliipachika -ing kwenye kitenzi cha kupenda, wakauza chakula dunia nzima. Mtoto wetu akifanya hivyohivyo anakosa alama.

Ninachodai ni kidogo. Mwalimu aweke ubaoni sentensi tatu: mama huuza samaki, mama anauza samaki sasa hivi, mama amevaa kitenge. Awaulize watoto kila moja inasema nini, kisha ndipo awape Kiingereza chake: sells, is selling, is wearing. Na wahariri wenzangu, “alikuwa anavaa” ikipita mezani kwenu, msiiruhusu kutoka.