Msisubiri Saa 24

Sisi wapenzi wa filamu za watu waliopotea tunajuana. Saa nane usiku, macho mekundu, asubuhi kazini, na bado mtu anasema ngoja nijue kama ni mume. Gone Girl ya 2014 ilitugawa, huyu na mke, yule na mume. Searching ya 2018, ile ambayo kisa chote kinaonekana kwenye skrini za kompyuta na simu, ilitufanya tumshuku kila aliyekatiza mbele ya kamera. Endeleeni kuziangalia, sina ugomvi nazo. Ombi langu linahusu ile picha inayoingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa jioni: mtoto, sare ya shule, hajarudi nyumbani.

Hapo ndipo mazoea ya filamu yanapotuponza. Tunaanza kukisia. "Huyo baba mwenyewe mimi simwamini." "Msichana mkubwa vile? Yuko kwa bwana." Na mama yake yumo kwenye kundi hilohilo, anasoma.

Ndugu zangu, tuanze na muda. Hiyo habari ya kungoja saa 24 ndipo uende polisi, wengi tumeiokota kwenye filamu za Kimarekani, na Marekani kwenyewe sheria ya mwaka 1990 ilishakataza polisi kuwangojesha wazazi wa mtoto aliyepotea. Nendeni kituoni usiku uleule, na msiondoke bila namba: RB kwa Tanzania, OB kwa Kenya. Mkiambiwa mrudi kesho, ombeni kwa adabu kumwona mkuu wa kituo. Mwende wawili watatu, maana mama aliye peke yake, tena analia, ni rahisi kumrudisha. Kama ni mtoto, pigeni pia 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, Tanzania na Kenya.

Picha nayo ina mambo yake. Familia hupenda kutoa ile ya harusini, kilemba juu, wanja na poda, ambayo hata jirani atapita bila kumtambua mwenyewe. Toeni ya wiki iliyopita, uso wa kawaida. Andikeni viatu alivyovaa, kovu liko wapi, anasikia lugha gani, anatumia dawa gani. Wekeni tarehe na jina la kituo alikoripotiwa. Kisha mpelekeeni kondakta, vijana wa bodaboda, na muadhini mwenye kipaza sauti. Akipatikana, tangazeni vilevile kwamba amepatikana! Kuna watoto waliokwisha kurudi nyumbani zamani ambao picha zao bado zinazungushwa, na zinawachosha watu macho.

Halafu kuna hili zito. Katika Prisoners ya 2013, Hugh Jackman ni baba aliyepotelewa na binti. Anamteka kijana anayemshuku, anamfungia, anamtesa, na mateso yale hayamrudishi binti. Kwetu tunamaliza haraka zaidi: mgeni ameshika mkono wa mtoto anayelia, mmoja anapiga kelele "mwizi wa watoto!", na mawe yanaanza. Pengine alikuwa anampeleka kwa mjumbe. Tangu hapo nani mwingine atathubutu kumshika mkono mtoto aliyepotea sokoni? Na hata kama kweli ni mwizi, akishakufa atamwambia nani mtoto yuko wapi? Mkabidhini polisi akiwa hai.

Filamu huisha kwa saa mbili, tatu ikizidi. Lakini kule Shakahola, Kilifi nchini Kenya, walikozikwa waumini wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa, miili ilianza kufukuliwa Aprili 2023 na ikapita 400; familia za kwanza zilikabidhiwa ndugu zao mwishoni mwa Machi 2024, baada ya vipimo vya DNA. Karibu mwaka mzima wa kungoja, na hao ndio waliotangulia kupata jibu. Kwa hiyo msione haya kupeleka sampuli mkiitwa, hata kama ndugu aliondoka kwa ugomvi. Nasi majirani tusiikimbie nyumba hiyo baada ya wiki ya kwanza kwa kukosa la kusema. Nendeni. Mwulizeni mwenye nyumba kesho anakwenda wapi kuulizia, hospitali, kituoni au mochwari, mchange nauli, na mmoja wenu afuatane naye.