NeST si adui wa mtumishi

Watumishi wa umma waache kuuona NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania, kama mzigo. Ulianza kutumika Julai 2023 kuchukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, na sheria imeufanya kuwa lazima. Mjadala wa kuutaka au kutoutaka umekwisha.

Zabuni ikitangazwa humo, fundi wa kijijini Nyololo anaiona sawa na mkandarasi wa Iringa mjini, bila kujuana na mtu. Huenda hilo ndilo linalowakera baadhi.

Hata hivyo, si kila manung'uniko ni ujanja. Mwalimu mkuu au mganga mfawidhi wa zahanati hakusomea ununuzi. Akikabidhiwa nywila ya mfumo bila mafunzo, kompyuta wala mtandao wa uhakika, hata saruji anayotakiwa kuagiza itachelewa. Wenye dhamana wapeleke mafunzo na vifaa vijijini, kisha wawabane wanaoukwepa mfumo.