Mapenzi ya Siku Mbili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa siku hizi anaondoka kabla ya hiyo siku ya tatu, kisha anatutangazia kwamba ameupenda mji na moyo wake kauacha huko. Nimechoka na mapenzi ya namna hii, hasa yanapoihusu Venice, na zaidi yanapotoka kwetu sisi, vijana wa Afrika Mashariki tuliobahatika kusoma, kupata viza na kupiga picha nne kando ya gondola.

Tunachokipenda pale si mji. Ni mandhari ya mji ambao wenyewe wanazidi kupungua. Mwaka 1951 Venice ya visiwani ilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Leo hawafiki 50,000. Karibu na daraja la Rialto kuna duka la dawa lenye kibao cha umeme dirishani, kinachoonyesha idadi ya wakazi waliobaki. Watalii hupita mbele yake wakitafuta aiskrimu.

Si wote waliofukuzwa na utalii. Wapo waliokimbia unyevu wa nyumba za chini, wapo waliochoshwa na mafuriko makubwa ya Novemba 1966, na wengi walifuata kazi na nyumba nafuu upande wa bara, Mestre na Marghera. Lakini nyumba walizoziacha hazikungoja vijana wa Venice wanaotaka kuoa na kuanza maisha. Zilitungoja sisi. Mwaka 2023, kwa hesabu ya wanaharakati wa makazi wa huko, vitanda vya wageni vilizidi idadi ya wakazi. Ule ukimya wa usiku tunaousifia kuwa wa kimahaba, mara nyingi ni ukimya wa madirisha yasiyo na mtu ndani.

Tena sisi tunajidanganya kuliko wengine. Viza ya Schengen ya muda mfupi haikuruhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na ili uipate lazima umridhishe afisa wa ubalozi kwamba utarudi kwenu: taarifa za benki, barua ya mwajiri au chuo, tiketi ya kurudi. Yaani tumeahidi kuondoka kabla hatujafika. Ni mchumba gani huposa kwa ahadi ya kuondoka?

Najua nitakachojibiwa: mgeni analeta fedha, na furaha ya macho haina dhambi. Yote kweli. Wapo wakazi wengi wanaoishi kwa fedha hizo, na anayeshangaa mji uliojengwa juu ya maji ana haki ya kushangaa. Sipingi furaha. Napinga furaha inayojiita upendo ili isiulizwe maswali. Ukisema umestarehe, tutakuuliza ulilala kwenye nyumba ya nani na kwa nini haina mwenyewe. Ukisema umependa, eti tunyamaze.

Tarehe 25 Aprili 2024, Venice ilianza kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku zilizochaguliwa. Wasomaji wa habari waliona ni mji unaojilinda. Lakini siku hiyohiyo wapo wakazi walioandamana kuipinga tozo, kwa hoja kwamba mji unaouza tiketi umekubali kuwa makumbusho, nao wanachohitaji ni nyumba. Jembe limegeuzwa tiketi. Ukitaka kuwaona wapenzi wa Venice, watafute kwenye maandamano kama yale: watu wenye hasira, wanaoujua mji kwa kodi ya nyumba, shule na maji yanayoingia sebuleni.

Sisi tunapaswa kulielewa hili upesi, maana tunalijua kutoka upande wa pili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Huko nako nyumba za watu zimekuwa hoteli, na mgeni anayependa vichochoro vyake hajui nani alihama. Cha ajabu, kijana wetu akiona lipu iliyoliwa na chumvi na nguo zilizoanikwa juu ya njia, Venice huita mahaba. Mambo yaleyale akiyaona Unguja au Mombasa, huita uchakavu, kisha hulalamikia maji taka, umeme na diwani.

Basi ajue kwamba yale malalamiko ndiyo yaliyo karibu zaidi na upendo. Mtu halalamikii diwani wa mji asiouhesabu kuwa wake.

Nenda Venice. Panda boti, kula, shangaa, rudi. Ukirudi tusimulie kwamba ulistarehe, na utuambie pia ni nani alikupisha. Neno kupenda waachie walioshika jembe.