Mbwa wa Mbegu na Mtu wa Getini

Kwenye mageti mengi ya Mikocheni, Mbezi na Kigamboni kimetundikwa kibao chenye maneno mawili: Mbwa Mkali. Nyuma ya kibao hicho siku hizi mara nyingi hayupo mbwa koko aliyeokotwa jalalani, bali German shepherd, rottweiler au boerboel aliyenunuliwa kwa fedha ambazo mlinzi wa nyumba hiyohiyo hazipati kwa miezi kadhaa. Mwenye nyumba anajua baba wa mbwa huyo alikuwa nani, mama yake alitoka wapi, na masikio yake yalisimama akiwa na umri gani. Akiulizwa ni lini mbwa alichanjwa mara ya mwisho dhidi ya kichaa cha mbwa, hujibu kwamba kadi ipo mahali fulani, labda kwenye gari.

Anayemlisha mbwa huyo si yeye. Ni mlinzi, ambaye humfungulia usiku na kumfungia alfajiri, au ni dada wa kazi, ambaye hupitisha bakuli la ugali na dagaa chini ya mlango wa banda. Meno ya mbwa wa bei ghali hukutana kwanza na mikono ya watu wenye kipato kidogo kuliko wote katika nyumba hiyo. Hilo ndilo linalofanya ufugaji wa mbwa wa mbegu halisi uwe suala la afya ya jamii, wala si burudani ya matajiri inayostahili kuachwa kwa matajiri.

Imani iliyoenea ni kwamba kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa mbwa wa mitaani, na kwamba mbwa aliyezungushiwa ukuta hawezi kuupata. Imani hii imepenya hata katika vituo vya afya. Mtu akifika na jeraha la mbwa koko, huchukuliwa kwa uzito. Akisema aliyemng'ata ni mbwa wa bosi, wa kizungu, anayekaa ndani, husafishwa jeraha, hupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Virusi vya kichaa cha mbwa havisomi hati ya nasaba. Geti hufunguliwa mara kumi kwa siku. Mbwa wa nje huingiza pua kati ya nondo. Mbwa jike akiwa kwenye joto huvuta madume ya mtaa mzima hadi mlangoni. Zaidi ya hayo, mbwa anaweza kukaa na virusi mwilini kwa wiki au miezi kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo mtoto wa mbwa anayenunuliwa mkoa mwingine akiwa mchangamfu anaweza kuwa amekwisha kuambukizwa kabla hajapakiwa kwenye basi. Kisiwa cha Pemba kilifahamu jambo hili kwa uchungu: baada ya ugonjwa huo kutokomezwa huko kwa chanjo, mwaka 2016 uliingia upya kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi kampeni ianze tena hadi ukatokomezwa kwa mara nyingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Takribani asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, kifo ni karibu hakika, na hakuna hospitali yoyote, ya ndani au ya ng'ambo, yenye tiba ya kutegemewa. Kabla ya hapo, hata hivyo, ugonjwa huu huzuilika kwa sabuni, maji na sindano. Ni maradhi machache yenye mpaka mkali kiasi hicho kati ya kuponywa na kupotea.

Kwa sababu hiyo, ununuzi wa mbwa wa mbegu hauna budi kuanza na kadi ya chanjo, na hati ya nasaba ije baadaye. Wauzaji wengi humtoa mtoto wa mbwa akiwa na wiki tano, wakisema amekwisha chanjwa. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli na bado yasiwe na maana. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya awali kutoka katika maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyohiyo inayomlinda ndiyo inayoizuia chanjo kufanya kazi. Hupungua polepole, kwa kila mtoto kwa kasi yake, na hakuna anayeweza kujua kwa kutazama ni wiki gani imeisha. Ndiyo maana chanjo dhidi ya parvo na distempa huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Dozi moja ya wiki ya tano ni bahati nasibu, na parvo huua watoto wa rottweiler na doberman kwa wepesi zaidi kuliko wa mbegu nyingine nyingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kwa ratiba ya daktari wa mifugo kulingana na aina ya chanjo iliyotumika. Katika kampeni za umma, hata walio chini ya miezi mitatu huchanjwa, maana nao wanaweza kuugua na kuambukiza.

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki ya nane. Kuanzia wiki ya tatu hadi takribani ya kumi na mbili hujifunza nini ni cha kawaida duniani na nini ni cha kuogopwa: sauti za watoto, mwanamke mwenye ndoo, mwendesha bodaboda, mzee mwenye fimbo. Hapa ndipo wafugaji wengi huharibu kazi. Kwa kutaka ukali, humfungia mnyama gizani asione mtu, na wapo wanaompa pilipili au bangi wakidhani zinaongeza ushujaa. Kinachopatikana ni mbwa mwoga. Mbwa mwoga hang'ati mwizi kwa sababu ni mwizi. Humng'ata yeyote aliye karibu, na aliye karibu kila siku ni mwenye bakuli. Mlinzi mzuri wa miguu minne ni yule anayejiamini, anayebweka mapema, na anayemsikia mtu wake akimwambia anyamaze.

Maumivu nayo huzaa ukali. German shepherd ni mbegu iliyoanza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899, wakati Max von Stephanitz alipomteua dume mmoja, Horand von Grafrath, kuwa mfano wa mbegu hiyo na kusaidia kuunda chama chake. Uzuri wa mpango wa namna hiyo ni kwamba watoto hufanana na wazazi. Hasara yake ni kwamba hufanana hata katika kasoro. Maungio ya nyonga yasiyokaa sawasawa ni tatizo la urithi linalojulikana sana katika mbegu hii na nyinginezo kubwa. Mbwa mwenye nyonga mbovu huanza kupata shida kuinuka, kisha siku moja mtoto anamkumbatia kiunoni na kung'atwa usoni. Mfugaji makini humpiga mbwa picha ya eksirei ya nyonga kabla ya kumzalisha, kwa kawaida akiwa amekwisha fikisha miaka miwili, na asiyefaa hampandishi hata kama ana umbo la kupigiwa picha. Asimpandishe jike kwenye joto lake la kwanza, wala kila joto linapokuja. Mimba huchukua siku zipatazo 63. Kunyonyesha na kupona huchukua zaidi.

Kosa la pili la wazalishaji wa mijini ni kupandisha kaka na dada, au mama na mwanawe, ili mbegu isichafuke. Dawa ya mawazo hayo ni hadithi ya basenji. Mbwa huyu mdogo wa Kongo, anayejulikana kwa kutobweka kama wenzake, amepewa jina lenye undugu wa karibu na neno letu washenzi. Yaani kile ambacho watu wa pwani walikiita kwa dharau mbwa mshenzi kilivuka bahari na kuwa mnyama wa maonyesho. Lakini waliovuka walikuwa wachache mno, na baada ya vizazi kadhaa maradhi ya kurithi ya figo na damu yakawasumbua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire, wakachukua mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 daftari la nasaba la American Kennel Club likafunguliwa ili wageni hao waandikishwe. Mbegu halisi iliokolewa na mbwa wa kijijini. Anayemdharau mbwa koko wa jirani angefaa kulitafakari hilo anapopandisha ndugu wa tumbo moja.

Kuhusu mbwa wenye nyuso bapa, kama bulldog na pug, kwa joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga ushauri ni mfupi: ni vema kuwaacha. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na wanyama hao hawahemi vizuri hata penye baridi.

Minyoo inastahili maneno zaidi, kwa kuwa hapa mbwa mwenye afya tele anaweza kumdhuru mtu bila kumng'ata. Mbwa wakubwa hula sana, na ili kupunguza gharama hulishwa mapupu na maini mabichi kutoka machinjioni. Viungo hivyo vikiwa na malengelenge ya tegu aina ya ekinokoka, mbwa hupata minyoo midogo, akaeneza mayai yake kwa kinyesi na manyoya, na mtu akayameza kwa mkono usionawa. Ndani ya mtu, uvimbe wenye maji hukua taratibu kwa miaka katika ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Nyama za ndani zichemshwe hadi ziive, mbwa apewe dawa yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kinyesi kizolewe kila siku, na anayezoa apewe glavu na sabuni na mwajiri wake.

Mtu aking'atwa, au akikwaruzwa hadi damu ikatoka, jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe mafuta ya taa, majivu wala pilipili. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na asisubiri kuona mbwa atafanya nini. Mbwa naye asiuawe kwa hasira: afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, na akifa au akibadilika tabia, ofisa mifugo aarifiwe ili sampuli ichukuliwe. Mhudumu wa afya aulize ni mbwa wa nani na kadi iko wapi, lakini kadi iliyoahidiwa kwa simu isiwe sababu ya kuchelewesha dozi ya kwanza. Majeraha yaliyotoboa ngozi, hasa ya kichwa, shingo na vidole, yapimwe pia kama yanahitaji imunoglobulini.

Chanjo ya baada ya kung'atwa hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku zilizopangwa, na penye malipo, mlinzi wa usiku huanza kuhesabu nauli na siku za kukosa kazi. Dozi ya kwanza anaipata, ya pili labda, ya tatu anaiacha kwa kuwa kidonda kimekauka. Gharama hiyo ni ya mwenye mbwa, yote, pamoja na nauli na siku za mapumziko. Yapo maoni kwamba kumbana mwenye mbwa kutamfanya afiche tukio. Ukweli ni kwamba tayari linafichwa: dada wa kazi huambiwa aseme alikatwa na bati. Anayelipa mapema kwa hiari hana cha kuficha, na anayemfuga mnyama wa kung'ata watu amekubali kuwa siku moja atang'ata mtu. Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Chanjo na matunzo ya mbwa si hisani. Kwa anayezalisha mbwa wengi, watumishi wake wapewe chanjo ya kinga kabla ya kung'atwa, dozi mbili kwa wiki moja, kama wanavyopewa wahudumu wa mifugo.

Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika kampeni nyingine za mwaka, mbwa huchanjwa viwanjani, mara nyingi bila malipo. Ili kuuzuia ugonjwa kuenea, takribani asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapaswa kuchanjwa, na hesabu hiyo inawajumuisha wa nyuma ya ukuta. Foleni hizo hujaa watoto wenye mbwa koko waliofungwa kwa kamba za katani. Wenye German shepherd huonekana kwa nadra. Daktari wa mifugo wa kulipwa akija nyumbani, ni vema. Asipokuja, foleni ni hiyo, na mlinzi anayemjua mbwa huyo kuliko bosi wake ndiye wa kumshika kamba, mradi apewe mdomo wa ngozi wa kumfungia, nauli, na kadi ya kurudi nayo.